Kona ya Udongo katika Banda la Odilia

Mimi Tadei ni fundi uashi, na sakafu iliyoua watoto wa nguruwe wa Odilia Komba niliimwaga mimi. Nasema mapema, asije mwingine akanisemea.

Ilikuwa mwaka 1993. Saruji, iliyokuwa ikitafutwa kwa kibali na kwa kujuana, sasa ilijaa madukani Songea mjini, na kila aliyepata mifuko miwili alitaka chake kiwe cha kisasa. Odilia, mjane wa kijijini kwetu njia ya Peramiho, alikuwa na nguruwe jike mmoja. Nikampigia sakafu laini, nikajisifu kijiji kizima.

Uzao wa kwanza juu ya sakafu ile walikuwa kumi. Wiki ya tatu wakaanza kupauka, wakahema kama waliopanda mlima, wakafa mmoja mmoja huku wamenona. Uzao wa pili vilevile. Majirani wakasema kuna mkono wa mtu. Bwana mifugo wetu alishapunguzwa kazini, hakuna wa kumuuliza. Ndipo Athanasi, shemeji yake, aliyejipa usimamizi wa kaya ile tangu kaka yake afariki, akatoa neno: uzao wa tatu wakifa, jike anachinjwa Pasaka. Nguruwe yule ndiye mali pekee Odilia aliyoweza kuiita yake.

Uzao wa tatu walipofikisha siku kumi na mbili, nilimkuta bandani amempakata mmoja, anamvuta kope ya chini kwa kidole gumba. Nilimpa shikamoo, kisha nikamtania kwamba sasa amekuwa nesi.

"Nesi wa kliniki alinivuta hivihivi nikiwa na mimba ya mwanangu Egidi," alinijibu. "Akasema sina damu. Mtazame huyu, Tadei. Ndani kweupe kabisa."

Halafu akaniuliza swali ambalo fundi halipendi: kabla ya sakafu yangu, aliwahi kufa hata mmoja? Hakufa. Banda la zamani lilikuwa la udongo mtupu, watoto walichimbua na kulamba kutwa nzima. Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani, na siku ile mwerevu nilikuwa mimi. Niliona aibu hasa.

Tangu hapo, kila asubuhi Odilia alichimba udongo mwekundu mahali pasipokanyagwa na nguruwe, akaubeba kwa kikapu hadi kwenye kona ya banda. Athanasi alimcheka, eti analisha wanyama uchafu. Mmoja alikufa. Wanane waliobaki walichimbua mpaka pua zikawa nyekundu.

Jumamosi Kuu Athanasi alikuja na kisu alichokwisha kukinoa. Wale wanane walikuwa wakifukuzana bandani, masikio yamerudiwa na rangi. Alikiegesha kisu ukutani, akamuuliza shemeji yake kikapu kiko wapi.

Miaka kadhaa baadaye alikuja mtaalamu na sindano za madini ya chuma. Alitufundisha kwamba maziwa ya nguruwe yana chuma kidogo, na kwamba udongo mwekundu unaweza kuziba pengo. Odilia alikaa nyuma akisikiliza kwa adabu, kama jambo jipya. Sijapata kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu saa ile.

Mpaka leo, nikijenga banda la nguruwe, naacha kona moja bila saruji. Wenye mabanda hunishuku kwamba nimewaibia mfuko. Huwa nawaambia waende wakamuulize Odilia.