Visu vya Mjomba Athumani

Fundi cherehani wa mtaani kwetu akifungua kichupa chake cha mafuta, mimi huvuka barabara. Si kwamba harufu ile ni mbaya. Inanikumbusha Mjomba Athumani, na nikishamkumbuka huyo, chakula hakinishuki vizuri siku nzima.

Alikuwa kaka mkubwa wa mama yangu, karani katika shamba la mkonge, enzi za Mwingereza. Baba alipofariki, mjomba alihamia kwetu Chumbageni ili, kwa maneno yake, nyumba iwe na mwanamume. Alikuja na kanzu zake na kopo la halua lililojaa visu vya kukunja. Alivipata kwa mabaharia bandarini na kwa wasimamizi wa Kigiriki kule shambani. Kimoja kilikuwa na mpini wa pembe ya nyati, kingine wa shaba uliochorwa swala, na kingine kilikuwa na kizibuo cha chupa ambacho sisi, watu tusiokunywa, hatukujua kinazibua nini.

Kila Ijumaa baada ya sala alitandika kitambaa chekundu barazani, akavipanga, akavipaka mafuta ya cherehani ya mama, kisha akawa anavifungua na kuvifunga karibu na sikio lake.

"Sikilizeni huo mlio," alituambia. "Kisu kizuri hujulikana kwa kufunga."

Kwa kufunga! Na wazee wenziwe barazani walitikisa vichwa, eti wamepata elimu. Kukata hakukata navyo kitu. Chungwa alilimenya kwa meno, maji yakimchuruzika mpaka kidevuni, na mfukoni ana kisu cha kutoka Ulaya. Sisi watoto tulitakiwa kunawa mikono kabla ya kuvitazama. Kuvitazama, nasema, si kuvishika.

Mwaka huo mama alikuwa akifuga beberu wa kuchinjwa sadaka ya mtoto, akika ya mdogo wangu Zuhura, aliyezaliwa baba akiwa ameshazikwa. Baba mwenyewe ndiye aliyeweka nia kabla hajafa, na mama alitaka neno lake litimie. Alimlisha yule beberu maganda ya ndizi na ukoko wa wali, wakati mwingine ukoko ambao tungeula sisi.

Asubuhi moja nazi kavu ilianguka ikampata beberu shingoni. Alilala ubavu, miguu ikitapatapa. Hata mimi mtoto nilijua kwamba akifa hajachinjwa ni kibudu, haliwi, na akika hakuna. Wanaume wa mtaa walikuwa kazini. Mjomba alikuwa likizo, yuko barazani. Mama akatoka jikoni mbio na kisu alichokuwa akiparia samaki.

"Kaka, mchinje! Mbuzi yuafa!"

Mjomba alikitazama kile kisu kama mtu aliyeletewa panya. "Hicho? Akika ya mtoto kwa kisu kinachonuka vumba? Ngoja nilete kisu."

Akaingia ndani. Tulisikia kopo likifunguliwa. Tukasikia mlio mmoja, kisha mwingine, kisha kimya, kisha mwingine tena. Bwana alikuwa anachagua. Mama alisimama na kisu chake mkononi, majirani wa kike wamemzunguka. Kwetu mwanamke hachinji. Hata kuku, ulimshika miguu ukasimama mlangoni kungoja mwanamume apite. Beberu akapiga teke moja, akanyooka.

Ndipo mjomba akatoka na kile cha pembe ya nyati, ameshakifuta mafuta. "Haya, mwelekezeni kibla."

"Wamchinja nani, Bwana Athumani?" akauliza Bi Mashavu, jirani yetu. "Mzoga?"

Wala hakuona haya. Alisema beberu mwenyewe alikuwa dhaifu, akakifuta kisu ambacho hakikugusa kitu, akakifunga karibu na sikio. Nilikuwa msichana mdogo, lakini dharau iliyoniingia siku ile ilikuwa ya mtu mzima, na haijapungua.

Hata hivyo, kwa miaka mingi niliamini kwamba tulichokosa ni mwanamume wa maana. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe niliposikia mwalimu wetu wa darsa la wanawake akieleza kwamba mwanamke Mwislamu akichinja, nyama ni halali. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa mama, nikamkuta anachagua mchele.

"Nalijua," akasema, bila kuinua macho. "Bibi yako alikuwa akichinja kuku kule Kigombe, nyuma ya nyumba."

"Sasa mbona hukuchinja, mama?"

"Mbele ya majirani? Kaka yangu angeupeleka wapi uso wake?"

Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Zuhura hajafanyiwa akika mpaka leo. Mjomba aliishi Chumbageni miaka mingi baada ya hapo, na kila alikopita aliamkiwa shikamoo.