Kule Moto Ulikozima

Siku hizi nikikuta watu wanabishana kama jehanamu ina moto wa kweli au moto wa mfano, naondoka zangu. Si kwamba sina la kusema. Ninalo, ila nimechoka kusikiliza watu ambao hawajawahi kuungua hata kidole wakigawana moto kama wanagawana karanga.

Mdogo wangu alikuwa anakaanga mapanki. Kwa asiyejua, hiyo ni mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishatoa minofu. Sisi wa huku tunaikaanga na kuila, na wengi tumesomeshwa nayo. Banda lake lilikuwa kule chini Pasiansi, karibu na ziwa, mabati machache na mafiga ya mawe. Mawe ndicho kitu tulichopewa bure sisi watu wa Mwanza. Asubuhi moja figa lilicheza, karai likalala upande, na mafuta yote yakamwishia yeye, kuanzia kifuani kushuka chini.

Habari za wodini sitazieleza. Nitasema tu kwamba mama hakutoka pale. Mdogo wangu alikuwa anaomba maji, na kumeza kulikuwa kumemshinda, kwa hiyo kila akiomba mama alichovya pamba kwenye kikombe akamlowesha midomo, tone, tone. Wauguzi wakimwambia akapumzike anawajibu kwamba hajachoka. Mtoto akafa hivyo hivyo, pamba ikiwa bado mkononi mwa mama.

Sasa, mdogo wangu alikuwa ameacha kanisa. Alikuwa anaishi kinyumba na mvuvi mwenye mke wake Ukerewe, na pale kanisani kwetu, kakanisa ka mabati huku mlimani Ilemela, walishamtenga. Kwa hiyo kilichomtesa mama hakikuwa kifo peke yake. Tulipokuwa tunarudi kutoka hospitali aliniuliza kwa Kisukuma, maana mambo mazito hayasemi kwa Kiswahili: je, bado anaungua? Nilimwambia tukifika nitamchemshia chai.

Chai hakunywa. Nikiwasha mkaa anatoka nje, anakaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba mpaka nimalize kupika, halafu chakula chenyewe hali.

Siku ya mazishi akasimama mwinjilisti wetu, kijana mwenye sauti kubwa, na moyo sijui aliuacha wapi. Nilitegemea atatufariji japo kwa uongo. Akasema hatuwezi kudanganyana mbele za Mungu, mtu akifa nje ya Kristo anakwenda kuzimu, na sisi tuliobaki tutengeneze njia zetu. Watu waliinamisha vichwa. Mimi macho yangu yalikuwa yanatafuta jiwe la kumrushia, Mungu anisamehe. Hapo hapo mama akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma kwa wachimba kaburi:

"Amina. Asante, mtumishi."

Watu wakaguna. Shangazi akaninong'oneza kwamba msiba umempanda kichwani. Mimi nilimkasirikia mama kuliko nilivyomkasirikia yule kijana. Mtu anamtukana mwanao kaburini, wewe unamshukuru! Lakini jioni ile mama alikula. Kesho yake akawasha jiko mwenyewe, akabandika uji, akanipa kikombe. Sikumwuliza kitu. Nikajua imani ina mambo yake, basi.

Tukakaa hivyo wiki kadhaa, mama anapika, mama analala. Halafu ikawa zamu yetu kupokea ushirika wa nyumbani. Walikuja waumini wachache wakajaa sebuleni, pamoja na mwinjilisti na mzee wa kanisa mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye yale mahubiri ya kaburini yalikuwa yamemkaa kooni. Ndiye aliyeanza. Akasema moto wa jehanamu ni lugha ya mfano, kwamba jehanamu yenyewe lilikuwa bonde nje ya mji, mahali panapojulikana, kama sisi tunavyosema Bujora. Mwinjilisti akasema hiyo ndiyo hasara ya kusoma sana. Kama moto ni mfano, basi na mbingu ni mfano, sote turudi nyumbani tukalale. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Wengine walikuwa wanatingisha kichwa kwa kila aliyekuwa anaongea.

Mama akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Lakini mwanangu hayuko jehanamu," alisema taratibu, akimwangalia mwinjilisti. "Wewe mwenyewe, mtumishi, ulisema amekwenda kuzimu. Kule moto ulikozima."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama amezaliwa na kukulia Bujora, Kiswahili alikipata ukubwani, na Maandiko anayasikia tu, hasomi. Kwake jehanamu ni moto, hilo analijua vizuri. Lakini taa ikizima imezima, jiko likizima limezima, na kuzimu ni kule kulikozima. Neno hilo ndilo lililokuwa linamlisha na kumlaza muda wote ule. Mtumishi wa Mungu alisimama kaburini akamhakikishia kwamba mwanawe amepelekwa mahali ambapo hakuna tena moto. Nani asingesema amina?

Nilimkazia macho mwinjilisti. Nilimtikisia kichwa waziwazi, hata aibu sikuona. Mwalimu mstaafu naye alielewa, akaweka kikombe chini akasema basi tufunge kwa sala. Yule kijana angeweza kunyamaza, kunyamaza hakuna gharama. Akafungua Maandiko kwenye simu yake, na kwa upole, huo upole ndio unaoniuma mpaka leo, akamweleza mama kwamba neno hilo halina uhusiano na kuzima. Akamsomea kisa cha yule tajiri aliyekufa akajikuta kuzimu, ndani ya moto, akiomba mtu achovye tu ncha ya kidole majini amburudishe ulimi. Akamsomea na pale inapoelezwa kwamba hakuna awezaye kuvuka kumfikia.

Mwalimu alijaribu kuokoa. Akasema hilo ni fumbo tu, mama, maana yake ni mtu kutengwa, kubaki peke yake na majuto yake. Alikuwa na nia njema. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye mapaja. Kuungua, au kuwa peke yake: hayo ndiyo waliyomwekea mwanamke yule katika nyumba yake mwenyewe.

"Huyo tajiri," mama akauliza, "hakuwa na mama?"

Mwinjilisti akatazama simu. Akasema Maandiko hayasemi.

"Basi ndiyo maana," mama akasema, akainuka akaenda uani.

Jiko hajaligusa tena. Ila kila jua likianza kupoa anapanda kwenye kaburi la mdogo wangu, huko juu katikati ya majabali ambako udongo ni haba, na anakwenda na maji. Hamwagi. Anachovya vidole, anadondosha pale upande wa kichwa, tone, tone, mpaka ndoo inakauka. Giza huwa linatukuta huko.

Mwinjilisti amesikia. Alikuja akatuambia hayo ni matambiko, kwamba mama anaita mizimu, na meza ya Bwana amezuiwa mpaka atubu. Mama alimwitikia salamu tu. Baadaye akaja mwalimu mstaafu, akakaa na mimi barazani, akasema tusijali, yeye anaona mama anafanya ishara nzuri sana, ishara ya upendo.

"Si ishara, mwalimu," nilimwambia. "Ni maji."

Nikamwacha pale na chai yake, nikachukua ndoo nikamfuata mama, maana mlima ni mkali na magoti yake hayawezi tena kubeba.