Kompyuta Isiyo na «Prise en Charge»

Mchana ule binti yetu alikuwa anatetea tasnifu yake Kinshasa, nasi tulitaka kumtazama kwenye kompyuta yangu. Programu ya video ilidai toleo jipya. Nikalisakinisha, likakwama, na lile la zamani nalo likakataa kufunguka. Kioo kikaandika kwamba mfumo wangu hauna tena «prise en charge», yaani hauhudumiwi tena, maneno ambayo kwetu huambiwa mgonjwa ambaye mwajiri hamlipii tena matibabu.

«Alors papa,» mke wangu akacheka, «mashine iko retraité mbele yako!»

Imestaafu kabla yangu, nayo ilikuwa nzima kabisa. Kosa lake lilikuwa umri tu! Mimi, msomi, nikaizima, nikaiwasha, nikaibembeleza. Tulipompata binti kwa simu ya mke wangu, ukumbi ulikuwa tayari unampigia makofi. Sikusikia hata swali moja aliloulizwa.