Mwezi Mbele, Tarehe Nyuma

Niliishia darasa la tatu. Kahawa ndiyo iliyonijengea nyumba ya bati na kunisomeshea watoto, kwa hiyo mtu asinifundishe adabu nikikasirikia jina la faili.

Kikundi chetu huku Mpepai kilihangaika miaka mingi kahawa yetu isichanganywe na ya watu wengine. Msimu ule ghala la mjini Mbinga likakubali: ingewekwa peke yake na kuingia mnadani kwa jina letu, mradi taarifa zetu zionyeshe imekauka. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Karani wetu, binti wa Tingi, alipima unyevu, akaingiza kwenye kompyuta, kompyuta ikatoa taarifa, naye akazituma ghalani kwa simu.

Mwanzoni mwa Julai kahawa ilikuwa bado mbichi kwenye chanja, ukungu umetukalia. Agosti ilikuwa imekauka kabisa. Kwetu gunia halishonwi mpaka kila mwanachama ang'ate punje, aone kama ni kavu. Tuling'ata wote, na bibi mmoja aliyebakiza jino moja aling'ata kwa hilohilo, akasema tushone. Lori likaondoka.

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda kuiona. Nikaikuta imemwagwa kwenye lundo la watu wote, inaanikwa upya.

Msimamizi wa ghala, kijana wa tai, aliniamkia shikamoo. Sikuitikia. Akanionyesha simu yake, akasema taarifa yetu ya tarehe saba mwezi wa nane inasema kahawa ni mbichi, ndiyo maana aliagiza imwagwe. Nikamwambia tarehe saba mwezi wa nane ndiyo siku tuliyong'ata, aifungue niione. Kufungua, kumbe ni ya tarehe nane mwezi wa saba! Kompyuta yetu inatanguliza mwezi, tarehe inafuata, kwa hiyo faili la Julai lilijiita 07-08. Lile la Agosti, lililojiita 08-07, aliliona akadhani ni la zamani, akalipita.

"Tarehe imeandikwa humo ndani," nilimwambia. "Hukusoma?"

"Jina lilitosha, mzee."

Jina lilitosha! Nikamwambia gunia halinunuliwi kwa kutazama mshono. Akainama. Kahawa ilikuwa imeshachanganyika, na hakuna binadamu wa kuichambua.

Nilirudi ofisini kwetu bado nina vumbi la njia. Karani akaniambia mfumo ndivyo ulivyo. Alikwishaliona jambo hilo tangu mwanzo wa msimu, ila fundi aliyeuweka alimkataza kugusa chochote, naye akazoea kusoma kinyume. Nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni.

"Hutoki humu, mwanangu, mpaka tarehe ikae kama watu wanavyoisema."

"Baba Mwenyekiti, na mimi utaning'ata?"

"Ukichelewa."

Akafungua mipangilio, akashukashuka, akakuta mahali pa kuchagua tarehe ikaeje kwenye jina la faili. Akaweka tarehe kwanza, kisha mwezi kwa herufi, kisha mwaka. Akatoa taarifa moja ya kujaribu: Agosti imeandikwa Agosti. Chai aliyonimiminia ilikuwa bado inatoa moshi.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Ingekuwa kazi ngumu ningelala kwa amani. Msimu mzima wa watu wenye mgongo unaouma umepotea kwa kitu cha kubonyeza mara mbili tatu, kisa fundi kasema usiguse na msomi kaona jina linatosha.

Mnada ulipopita wanachama walikuja kwangu. Bibi wa jino moja alikaa mbele, akauliza kama jina letu lilisomwa. Nikasema halikusomwa, kahawa iliuzwa na ya lundo. Nikamweleza habari ya mwezi mbele, tarehe nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga khanga vizuri, akasimama.

"Kwa hiyo tuling'ata bure," alisema.