Mdudu Haruki Ukurasa

Vitabu vya kale nilianza kuvipenda dukani kwangu Buyenzi, katikati ya filta, bugi na spea nyingine za magari, na wenzangu walinicheka weee! Aliyenifundisha kuvijua ni rafiki yangu wa Mutanga Nord, mkusanyaji wa vitabu na gravire, yale mapicha ya zamani yaliyopigwa kwa bamba la shaba. Alinifundisha kupapasa ukingo nisikie pale bamba lilipoibonyeza karatasi. "We tazama na matundu ya mududu," alizoea kuniambia. "Mududu haruki ukurasa."

Hilo nililijua tangu utotoni. Baba alituachia kitabu cha wasafiri wa ziwa letu, na ndani yake gravire ya ufuko wa ng'ambo, kule alikozaliwa bibi yake. Kwenye kilele cha mlima palikuwa na tundu. Mama alikuwa akipitisha sindano yake hapo, inatokea kurasa kadhaa mbele, nasi tunacheka mpaka basi.

Jalada lilipochakaa, nilimpa rafiki yangu akijalidi upya. Kilirudi kimependeza, ngozi nyekundu, nikakifunga kitambaani bila kukipekua. Ningempekua vipi mtu kama yule?

Kisha mama akaugua. Siku moja akasema, "Mwanangu, niletee ile picha ya kitabu cha baba yako niione." Nikafungua kitabu. Haimo! Nikapekua mbele, nyuma, jasho linanitoka. Nikakikimbiza Mutanga Nord. Rafiki yangu akashika lupa, kioo chake cha kukuzia, akafunua kurasa polepole, akatikisa kichwa.

"Apana, ndugu yangu. Iyi kitabu haikukuwa na ile foto. Ilikuwa mu kitabu ingine. Maman amezeeka, anachanganya, na we ulikuwa mutoto."

Nikamwamini. Yeye ndiye mjuzi, mimi ni muuza spea tu. Nikarudi kwa mama nikamwambia picha haikuwamo kamwe, amesahau.

"Lakini sindano niliishika mwenyewe," akasema. Akavitazama vidole vyake. "Basi akili imenitoka."

Tangu hapo hakujiamini tena. Kila kumbukumbu aliiulizia mara mbili, hata siku ya harusi yake: kweli baba yako alikuja na shati jeupe, au nalo nimelizua? Alikufa hivyo, mama yangu, akiuliza.

Rafiki yangu alikuja mazikoni, akalibeba jeneza begani mpaka makaburini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nikasema moyoni, mjinga mimi.

Matanga yalipokwisha nilikwenda kwake kumshukuru. Alikuwa jikoni anatengeneza chai. Sebuleni, ndani ya fremu ya dhahabu: ufuko, milima, na tundu kileleni. Nilirudi nyumbani, nikachukua kitabu na sindano ya mama, nikaja tena, nikaiteremsha picha mbele ya macho yake na kuitoa kwenye fremu. Nikaiweka mahali pake kitabuni. Sindano ikapita.

"Gravire muzuri vile inakufia mu kitabu," akasema. "Nilitaka watu waione."

Wallahi, nilitamani kumpiga. Nikamuuliza kitu kimoja tu.

"Siku ulipombeba mama, ilikuwa tayari hapa ukutani?"

Akaitazama chai yake.

"Ilikuwa," akasema.