Sarafu za Kambi ya Tatu

Orpha Stiltner hakuwa mtu wa kuogopa maji. Alizaliwa kwenye bonde la Tansy Fork, kusini mwa jimbo la West Virginia, mahali ambapo milima imebanana hata jua la majira ya baridi huonekana saa nne na kupotea saa tisa, na kijito ndicho jirani wa kila nyumba. Mume wake alikufa kwa kifua cha vumbi la makaa ya mawe. Hawakujaliwa watoto. Tangu alipostaafu kazi ya kupanga barua katika posta ya bondeni, kilichombakia ni mdogo wake Vernie, kanisa, na sarafu.

Alianza na nishani. Babu wa baba yake alipewa na jimbo baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vita vilivyolizaa jimbo lenyewe, na jina lake lilikuwa limegongwa ukingoni herufi kwa herufi. Orpha aliipata ndani ya kopo la vifungo akiwa na miaka tisa, akaisugua mpaka jina likasomeka, na tangu siku hiyo hakupona. Lakini alichopenda kuliko vyote ni zile sarafu za shaba ambazo kampuni za makaa ziliwalipa wachimbaji zamani badala ya dola, zisizonunua hata sindano nje ya duka la kampuni yenyewe. Siku zilipopigwa marufuku watu walizitupa kwa hasira. Orpha alikuwa akizifuata nyuma na kuziokota.

"Dada, unaokota minyororo ya baba," Vernie alimwambia siku moja.

"Ndiyo. Ili mtu asije akaniambia haikuwepo."

Kampuni ya Harlow, iliyomiliki bonde lile, ilikuwa na kambi tatu za wachimbaji, na ili mtu asipeleke sarafu za kambi moja kwenye duka la nyingine, kila kambi ilikuwa na tundu lake katikati ya sarafu: ya Kwanza duara, ya Pili msalaba, ya Tatu pembetatu. Kambi ya Tatu haikuwepo tena. Ilikuwa juu kabisa, kwenye chanzo cha kijito. Mwaka 1956 kampuni ilihamisha watu, ikaanza kumwaga taka za mgodi palepale, juu ya nyumba na duka. Taka zikapanda zikawa ukuta, nyuma ya ukuta yakakusanyika maji meusi ya kuoshea makaa, na kufikia mwaka 1979 lilikuwa bwawa ambalo mtu akisimama ukingoni mwake, paa za Tansy Fork aliziona kama viberiti vilivyomwagwa.

Mwezi Machi mwaka huo, baada ya theluji kuyeyuka, Orpha alishuka kijitoni nyuma ya nyumba yake kuchuma mboga za porini. Kwenye changarawe akaona kitu kinang'aa. Sarafu ya senti kumi, yenye tundu la pembetatu.

Alifurahi kama mtoto. Sarafu za Kambi ya Tatu zilikuwa adimu. Mwenyewe alikuwa nazo nne tu. Jumatatu akaokota mbili. Ijumaa akaokota tano, hatua chache kutoka kwa zile za mwanzo. Jumatano iliyofuata akatoa kwenye mchanga kitu kama kizibo kinene cheusi, akakipeleka jikoni, akakiloweka kwenye maji ya moto na sabuni. Kikaachana. Sarafu kumi na moja za senti tano, zimegandana kama biskuti kwenye pakiti.

Furaha ikamwishia palepale karoni. Alikaa akizitazama mpaka maharagwe yakaungua jikoni.

Jumamosi ilikuwa siku ya chama chao cha wakusanya sarafu. Walikutana kwenye chumba cha chini cha kanisa la mjini, watu tisa, kumi wakipata kahawa nzuri. Mwenyekiti alikuwa Lucian Kosko, kinyozi mstaafu, mtoto wa mchimbaji aliyetoka Poland, mzee mwenye vidole vyepesi na ulimi mkali. Orpha akamvuta pembeni na kumwaga sarafu zote juu ya kitambaa.

"Mungu wangu, mama, umevunja benki?" Kosko akacheka. Kisha akavaa kioo chake cha kukuzia, na kicheko kikafa. Akaigeuza moja. Akaigeuza nyingine. "Umezipata wapi?"

"Kijitoni. Nyuma ya nyumba yangu."

"Haiwezekani. Tazama kingo. Tazama herufi zilivyo kali. Sarafu hizi hazijawahi kuingia mfukoni mwa mtu, Orpha. Hazijapita mkononi hata mara moja. Hizi zimetoka kiwandani, zikakaa dukani kwenye kasha, basi."

"Hilo ndilo nililoliogopa," Orpha alisema.

Mama yake alikuwa karani wa duka la Kambi ya Tatu. Mara nyingi alisimulia jinsi siku ya mwisho meneja alivyoamuru akiba yote ya sarafu, makasha mawili, iachwe kwenye shimo chini ya sakafu ya duka, kwa kuwa haikustahili hata gharama ya kubebwa. Duka likafunikwa na taka likiwa na makasha yake. Sasa makasha yalikuwa yanashuka bondeni.

Kosko alivua kioo taratibu. "Sarafu haina miguu," alisema.

"Haina. Maji ndiyo yenye miguu. Maji yanapita chini ya ule ukuta, Lucian. Yameshafika sakafuni mwa duka, na yanabeba."

Jumatatu Orpha alivaa gauni la kanisani, akaenda ofisi ya kampuni. Akapokelewa na mhandisi mmoja aitwaye Tate, kijana mstaarabu, mikono misafi, aliyemkaribisha kiti. Orpha akaeleza kila kitu kwa utaratibu: tundu la pembetatu, makasha, kingo kali. Tate alisikiliza hadi mwisho, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba alisikiliza.

"Mama Stiltner," alisema, "ukuta ule una unene wa mita mia moja na hamsini chini. Tunaukagua kila wiki. Pengine kuna mzee alitupa pesa zake kijitoni miaka hiyo ukiwa msichana."

"Kumi na moja zilizogandana? Mpya?"

"Mimi si mtaalamu wa sarafu."

"Ndiyo maana nimekuja kukwambia."

Akatabasamu na kumsindikiza mlangoni.

Kabla ya jioni habari ilikuwa imemfikia Vernie, kwa sababu Vernie ndiye aliyeendesha buldoza juu ya ukuta ule. Alikuja na pikapu kwa kasi, akasimama kibarazani bila kuvua kofia.

"Dada, umenifanya kichekesho! Wananiita Benki Kuu. Wananiuliza kama dada yangu anataka bwawa lifungwe ili avue vishaba vyake."

"Wewe unafanya kazi pale, Vernie. Maji ya chini ya ukuta yana rangi gani?"

"Maji ni maji."

"Nimekuuliza rangi."

Vernie alitazama pembeni. "Safi," akasema. "Yanatoka kidogo, lakini safi. Siku zote yanatoka kidogo."

Orpha aliyajua macho ya mdogo wake tangu akiwa kitandani mwa mama yao. Akamkatia mkate wa mahindi, akamwekea na siagi. Vernie akala amesimama, akaondoka bila kuaga.

Aprili ikaingia na mvua. Kamba wadogo waliokaa chini ya mawe ya kijito hawakuonekana tena. Mbwa wa Harless, jirani yake, alikuwa akifika ukingoni mwa maji, ananusa, anarudi nyumbani na kiu yake. Orpha aliacha kushuka na kikapu. Alishuka na kalamu, na kila asubuhi aliweka alama ya rangi kwenye jiwe moja kubwa kuonyesha maji yamefika wapi. Yalikuwa yakipanda hata siku isiyonyesha.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nyumba zilizobaki bondeni zilikuwa nane tu, ukiacha yake. Mchungaji alikubali kufungua kanisa lililokuwa mlimani, nao wakalala huko siku mbili, watoto wakifurahi, wakubwa wakinung'unika kuhusu viti. Siku ya tatu jua likatoka na watu wakaanza kumcheka.

"Orpha, leo umeokota nini? Msumari wa safina ya Nuhu?" Harless alimpigia kelele kutoka kwenye uzio.

"Cheka, Harless. Ila usiku lala na viatu."

Familia sita zilibaki zikilala mlimani, nyingine kwa imani, nyingine kwa kumstahi. Harless alirudi kwake kwa ajili ya mbwa wake wa kuwindia. Na bibi Icie Tolliver, mwenye miaka themanini na minne, alikataa kabisa kutoka.

"Nimefukuzwa na kampuni Kambi ya Tatu," alisema kutoka kitini mwake. "Sitafukuzwa tena, hasa na wewe. Tangu uko mdogo una kiherehere."

Alhamisi moja, saa moja asubuhi, mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo, Vernie akaja tena. Safari hii alivua kofia. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Yamekuwa meusi," alisema.

Orpha hakuuliza nini. "Tangu lini?"

"Juzi. Yanatoka na mchanga. Wametuambia tusiseme, wasije watu wakatiana hofu." Akaangalia upande wa bwawa. "Mchukue bibi Icie. Mchukue sasa hivi, hata kwa kumfunga kamba."

"Na wewe?"

"Tumeitwa watatu tukajaze udongo. Nikikataa leo, miaka yangu yote ishirini na sita ya kazi inaenda na maji."

"Vernie, tazama ulivyosema."

Akacheka kidogo, kicheko chake cha utotoni kilichoanzia puani. "Dada, pengine tutaweza kuliziba. Udongo ni mwingi." Akamshika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaingia kwenye pikapu na kupanda na barabara ya bwawani.

Orpha alisimama sebuleni dakika moja. Kwenye kabati mlikuwa na miaka arobaini ya maisha yake: makasha ya sarafu yaliyopangwa kambi kwa kambi, nishani ndani ya kitambaa cha buluu. Akafungua mlango wa kabati. Akaufunga. Akaenda bandani akachukua toroli la makaa.

Icie alimpiga na fimbo mara mbili, akamwita majina ambayo bibi wa kanisani hapaswi kuyajua. Orpha akamwinua kama gunia, akamtia kwenye toroli na blanketi lake, akaanza kupanda njia ya kanisani. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Njiani alimpigia Harless kelele apande, naye akajibu kwamba anafungua mbwa wake kwanza. Walipofika kwenye kona ya pili Icie alikuwa amenyamaza, kwa sababu kijito kilikuwa kimenyamaza pia. Maji yalikuwa yamekatika ghafla, kana kwamba kuna mtu juu huko ameyakanyaga.

"Orpha," bibi alisema kwa sauti ndogo, "sukuma."

Saa mbili na robo ukasikika mlio ambao si wa radi wala wa treni. Kutoka kwenye ngazi za kanisa waliona ukuta mweusi ukija bondeni, mrefu kuliko miti, umebeba paa, magari na reli iliyopindwa kama waya. Haukuja kwa kasi waliyoitarajia. Ulikuja kama kitu chenye uhakika. Nyumba ya Orpha iliinuka nzima, ikageuka ikawatazama kwa mlango wake wa mbele, kisha ikapasuka kwenye daraja. Watoto walikuwa wanalia ndani. Orpha hakulia. Alikuwa anatafuta rangi ya njano ya buldoza, na hakuiona.

Walikufa watu wanne: Vernie na wenzake wawili, na Harless, aliyekutwa na kamba ya mbwa mkononi. Vernie alipatikana siku ya nne, kilomita kumi na moja chini. Familia sita na bibi mmoja walikuwa hai, na kila mtu bondeni alijua sababu, ingawa wengine hawakuweza kumtazama Orpha usoni kwa miezi mingi.

Kwenye uchunguzi, wakili wa kampuni alimuuliza ana elimu gani ya mabwawa.

"Sina," alijibu. "Nina elimu ya sarafu. Nilikuja kuwaambia mkanisindikiza mlangoni, na aliyejua pamoja nami mkamwambia anyamaze, akafa."

Tate hakuinua kichwa. Kampuni ililipa, ikabadilisha jina, ikaendelea.

Matope yalipokauka, wakaja watu kutoka Ohio na Kentucky na mashine za kutafutia metali. Tansy Fork yote ilikuwa imetapakaa pembetatu, na sarafu iliyokuwa adimu ikawa ya kuuzwa kwa ndoo. Kosko aliwafungia mlango wa chama. Orpha, aliyekuwa amepanga chumba juu ya duka la zamani la kunyolea la Kosko, alikuwa akiwaona kutoka dirishani wakipita na mabuti yao meusi, lakini hakushuka. Yeye hakukusanya tena kitu. Alikwenda chamani Jumamosi kuwasomea wengine sarafu zao, kwa kuwa jicho lake lilikuwa bado kali.

Miaka miwili baadaye, Jumamosi ya mvua, mwanamke mmoja kijana aliingia chamani na mtungi wa jamu uliofunikwa gazeti. Alisema anatoka bonde jingine, milima mitatu upande wa mashariki, na kwamba juu ya nyumba yao kuna bwawa lililofunika kambi ya zamani. Ndani ya mtungi mlikuwa na vifungo, kitasa cha mlango, na vibati vitatu vya shaba vyenye namba, vile ambavyo kila mchimbaji alikitundika chake ofisini kabla ya kuingia mgodini.

"Nimeviokota kijitoni," alisema. "Mume wangu ananicheka. Wamesema wewe ndiye wa kuulizwa."

Orpha alivimwaga mezani, akavaa kioo, akaanza na cha kwanza.  Alipomaliza cha tatu alivua kioo na kumgeukia Kosko.

"Lucian, gari lako lina mafuta?"

"Linayo."

"Basi chukua koti. Na wewe, mwanangu, tuonyeshe njia."