Mguu wa Bi Fundi

Tangu binti yake amwachishe ushonaji na kumhamishia kwake apumzike, Bi Fundi hakupumzika. Alikaa kwenye kochi huku mguu wake wa kulia ukikanyaga zulia mchana kutwa, kana kwamba cherehani bado iko mbele yake.

"Mama, tulia basi! Unanitia kizunguzungu."

"Uambie mguu, usiniambie mimi."

Kilichomkosesha raha kilikuwa nje ya dirisha. Mafundi wa mtaa ule walitupa vipande vya vitambaa jalalani, na kila jioni vilichomwa, moshi mweusi ukaingia hadi jikoni. Yeye enzi zake hakutupa hata kipande cha upana wa kiganja. Aliviunga vikawa mablanketi.

Siku moja uvumilivu ukamwisha. Alitoka, akarudi na gunia kichwani.

"Mama! Majirani watasema nimeshindwa kukulisha, sasa unaokota jalalani!"

"Waseme. Midomo ni yao, moshi ni wetu sote."

Binti alinuna, lakini gunia hakuligusa. Alimtazama mama akilinganisha rangi, akishona kwa mkono, akiimba polepole. Ndipo akaona kwamba mguu umetulia. Kesho yake akaitoa cherehani stoo mwenyewe.

Blanketi la kwanza lilipokamilika, mama alilikunjua akacheka kama msichana. Kisha akainua macho dirishani. Jalala lilikuwa linafuka tena, na mguu ukaanza.

"Mwanangu," akaita, "lile gunia liko wapi?"